Uliza Kwanza Ni Nani Analalamika: Makosa ya Kompaila na Linka Unapojenga Maktaba ya Kisayansi

Ukijenga maktaba ya kisayansi kutoka kwenye msimbo wake, mistari mia kadhaa itapita mbio kwenye terminali, halafu kila kitu kitasimama ghafla. Chini kabisa utaona kitu kama hiki:

make: *** [Makefile:512: all-recursive] Error 1

Wengi hunakili mstari huo, wakautafuta mtandaoni, na kuangukia majibu ya watu wenye shida tofauti kabisa na yao. Mstari huo haubebi habari yoyote. Ni make inayoripoti kwamba programu nyingine iliyopewa kazi imeshindwa. Kosa lenyewe liko juu zaidi. Tena kama ulijenga kwa make -j8, kazi nane zilikuwa zikiandika kwa wakati mmoja, kwa hiyo kosa linaweza kuwa limefukiwa chini ya mistari ya kazi nyingine zilizokuwa zikiendelea vizuri. Rudia bila -j, iambie make ionyeshe amri zote, na hifadhi kila kitu kwenye faili:

make V=1 2>&1 | tee jenga.log

Kwa miradi ya CMake andika VERBOSE=1 badala ya V=1. Kisha fungua jenga.log na utafute kosa la kwanza, si la mwisho. Aina moja ya data isipotambuliwa mwanzoni mwa faili huzaa makumi ya makosa chini yake, na yote hutoweka ukilitibu lile la kwanza.

Ukilipata, usikimbilie kuuliza linasema nini. Uliza ni programu ipi inayolisema. Kati ya msimbo ulioupakua na programu inayofanya kazi kuna hatua nne, na kila hatua ina programu yake: configure au CMake inayokagua kompyuta yako, kompaila inayogeuza kila faili la msimbo kuwa faili la mashine, linka inayounganisha mafaili hayo na maktaba nyingine, na kipakiaji cha mfumo kinachozitafuta maktaba hizo kila unapoendesha programu. Dawa ya mmoja haimponyi mwingine. Kuongeza njia ya heda (faili linalotangaza fankisheni za maktaba) kwa -I hakutibu kosa la linka hata kidogo, na kuweka LD_LIBRARY_PATH (orodha ya saraka ambamo kipakiaji hutafuta maktaba) hakuisaidii kompaila kupata heda. Saa nyingi zinazopotea kwenye kazi hii hupotea kwa kumpa mgonjwa mmoja dawa ya mwenzake.

Nitatumia NetCDF kuwa mfano mkuu, kwa sababu ndiyo inayowakutanisha wanasayansi wengi na matatizo haya kwa mara ya kwanza. Inatunzwa na Unidata, huko Boulder, Colorado, na imekuwa muundo wa kawaida wa data za hali ya hewa, bahari na tabianchi. Data za mvua za CHIRPS zinazoanzia 1981, ambazo watafiti wa Afrika Mashariki huzitegemea sana, husambazwa pia katika muundo huo, na modeli ya hali ya hewa ya WRF huidai NetCDF kabla ya kuanza kujengwa. Shida ni kwamba haisimami peke yake. Chini kabisa kuna zlib ya kubana data. Juu yake kuna HDF5 (maktaba ya kuhifadhi data kwenye mafaili), juu ya HDF5 kuna NetCDF ya C, na juu ya hiyo kuna NetCDF ya Fortran, ambayo siku hizi ni mradi wake yenyewe na hupakuliwa peke yake. Kosa lililofanyika ngazi ya HDF5 linaweza kunyamaza hadi ufike ngazi ya Fortran, likajitokeza kwa jina jingine kabisa.

Configure husema kwa ufupi, config.log husema kweli

Kwenye Ubuntu na Debian, mtu aliyesakinisha libhdf5-dev hushangaa anapojenga NetCDF ya C na kuambiwa:

configure: error: Can't find or link to the hdf5 library.

HDF5 ipo. Lakini mifumo hiyo huruhusu HDF5 ya kawaida na ile ya MPI (ya programu zinazogawa kazi kwa michakato mingi sambamba) zikae pamoja kwenye kompyuta moja, ndiyo maana kila moja imewekwa kwenye saraka yake, na configure haiendi kuchungulia huko yenyewe. Ionyeshe njia, -I ya heda na -L ya maktaba:

CPPFLAGS="-I/usr/include/hdf5/serial" LDFLAGS="-L/usr/lib/x86_64-linux-gnu/hdf5/serial" ./configure --prefix=$HOME/netcdf

Tazama vizuri maneno ya ujumbe ule: haikuipata "au" haikuweza kuunganisha nayo. Hayo ni mambo mawili tofauti yaliyofungwa kwenye sentensi moja. Namna configure inavyofanya kazi ni kwamba inaandika kiprogramu kidogo, conftest.c, inajaribu kukijenga kwa kutumia maktaba inayotafutwa, na kikikataa inatangaza kwamba maktaba haipo. Sababu halisi ya kukataa haionyeshwi kwenye skrini. Inaandikwa kwenye config.log, pamoja na amri iliyotumika, jibu la kompaila au linka, na kile kiprogramu chenyewe. Mara nyingi utakuta HDF5 ilipatikana vizuri, ila linka ilidai dlopen au deflate, yaani kilichokosekana kilikuwa -ldl au -lz (-l hutaja maktaba ya kuunganisha). Sijaona faili lenye thamani kubwa kuliko hili ambalo watu hulipuuza kiasi hiki.

Tangu GCC 14 (GCC ni kompaila za mradi wa GNU) ilipotoka mwaka 2024 faili hilo limekuwa la lazima. Toleo hilo liliacha kuvumilia msimbo wa C unaoita fankisheni isiyotangazwa; zamani lilikuwa onyo, sasa ni kosa. Miradi ya zamani ina hati za configure ambazo viprogramu vyake vya majaribio vimeandikwa kwa mtindo huo wa kizamani. Kiprogramu kinakataa kujengwa kwa sababu ya uandishi wake, na configure inahitimisha kwamba kompyuta yako haina fankisheni fulani, ilhali inayo. Hakuna kosa linaloonekana hapo. Ujenzi unaendelea, na unavunjika mbele kabisa, au maktaba inakosa uwezo fulani bila wewe kujua. Ukiona mstari wa "checking" unaojibu "no" kuhusu kitu ambacho kila Linux inacho, shuka config.log.

CMake ina ugonjwa wake: hukumbuka. Jibu ililopata mara ya kwanza hulihifadhi kwenye CMakeCache.txt, na ukisakinisha kilichokosekana kisha ukairudia, inaweza kuendelea kushikilia jibu la zamani. Futa saraka yote ya ujenzi uanze upya, au kama una CMake 3.24 na kuendelea, tumia cmake --fresh.

Kompaila ikikataa

Kosa la kompaila lina sura yake: hutaja jina la faili, namba ya mstari, na mara nyingi namba ya safu. La kawaida kuliko yote ni hili:

fatal error: gsl/gsl_math.h: No such file or directory

Hapa heda ya GSL, maktaba ya hesabu za kisayansi ya GNU, haikupatikana. Kwenye Ubuntu maktaba ya kuendeshea programu na heda za kujengea programu ni vifurushi viwili tofauti. Unahitaji libgsl-dev, na kwenye Fedora ni gsl-devel. Kama uliijenga GSL mwenyewe kwenye saraka yako, ongeza -I ikielekea kwenye include ya saraka hiyo. Basi.

La Fortran linahitaji maelezo zaidi. Tangu GCC 10 ya mwaka 2020, misimbo mingi iliyokuwa ikijengwa bila shida miaka yote ilianza kukataliwa hivi:

Error: Type mismatch between actual argument at (1) and actual argument at (2) (INTEGER(2)/INTEGER(1)).

Msimbo haukuharibika. Katika Fortran ya zamani, utaratibu wa nje usio na maelezo ya hoja zake uliweza kuitwa mahali pamoja kwa namba za aina moja na mahali pengine kwa aina nyingine, na kompaila ikapitisha kimya. Maktaba kama MPI zilitegemea uhuru huo: fankisheni ileile ya kutuma data hupokea safu ya namba kamili leo na ya desimali kesho. GCC 10 ikaanza kulinganisha miito hiyo ndani ya faili moja na kuikataa isipofanana. NetCDF ya Fortran na MPICH (moja ya maktaba za MPI) za miaka ya kabla ya hapo ziliathirika, na dawa ni:

FCFLAGS="-fallow-argument-mismatch" FFLAGS="-fallow-argument-mismatch" ./configure ...

Itumie kwa maktaba kongwe unayoiamini. Kwa msimbo wako mwenyewe usiitumie, kwa sababu huko kosa lilelile mara nyingi linakuonyesha hitilafu ya kweli iliyojificha kwa miaka.

Kosa jingine la Fortran huwachanganya watu kwa sababu linatokea wakati kila kitu kipo mahali pake:

Fatal Error: Cannot read module file 'netcdf.mod' opened at (1), because it was created by a different version of GNU Fortran

Faili la .mod halifanani na heda ya C. Heda ni maandishi ambayo kompaila yoyote inaweza kuyasoma; .mod ni kumbukumbu ya ndani ya kompaila iliyolitengeneza. Kompaila ya Intel haisomi .mod ya gfortran (kompaila ya Fortran ya GCC), na gfortran za matoleo yaliyoachana sana hazisomeani. Hakuna bendera (chaguo la amri) ya kutibu hili. Jenga upya NetCDF ya Fortran kwa kompaila utakayotumia kwa programu yako.

Na ukiona "Killed (program cc1plus)", msimbo hauna kosa: RAM imekwisha na mfumo umeiua kompaila. Punguza namba ya -j.

Linka na orodha yake ya madeni

Linka haisomi msimbo. Haijui Fortran wala C. Inajua majina tu. Kila faili la mashine linakuja na majina linayoyatoa na majina linayoyadai, na kazi ya linka ni kama ya mtu anayepita maduka kwa mpangilio akiwa na orodha ya madeni: anaingia dukani, analipa yale anayoweza kulipia pale, anatoka na hageuki nyuma. Deni likibaki mwishoni, ndipo unapoona:

undefined reference to `gsl_sf_bessel_J0'

Kwa hiyo amri hii inaweza kushindwa:

gcc -lgsl -lgslcblas -lm mfano.c

na hii ikafaulu:

gcc mfano.c -lgsl -lgslcblas -lm

Katika ile ya kwanza linka iliifikia GSL orodha ikiwa tupu, haikuona sababu ya kuchukua kitu, ikapita. Madeni ya mfano.c yalikuja baadaye. Kwa maktaba tuli, yaani mafaili ya .a, ndivyo ilivyo kila mahali. Kwa zile za .so, zinazopakiwa programu inapoendeshwa, baadhi ya mifumo husamehe, lakini Ubuntu imekuwa kali tangu toleo la 11.10, kwa kuwa huipa linka bendera ya --as-needed bila kuombwa. Ndiyo sababu Makefile inayofanya kazi kwenye kompyuta ya mwenzako hukataa kwenye yako, na hakuna kati yenu aliyekosea kuisakinisha maktaba.

Kanuni ni kwamba anayedai hutangulia anayelipa. Kwa NetCDF mpangilio ni huu:

-lnetcdff -lnetcdf -lhdf5_hl -lhdf5 -lz -lm

Usiukariri. Maktaba yenyewe inaujua: nf-config --flibs hukupa bendera za Fortran, na nc-config --libs hukupa za C.

Mpangilio ukiwa sawa na bado deni limebaki, soma jina lenyewe kwa makini, kwa kuwa umbo lake hutaja chanzo. Jina dgemm_, lenye mstari wa chini mwishoni, ni la BLAS (maktaba ya hesabu za matriki) katika sura ya Fortran. Umesahau -lblas au -lopenblas. Jina cblas_dgemm ni kazi ileile katika sura ya C, na kuna BLAS zinazotoa ya kwanza bila ya pili. Ukidaiwa H5DSattach_scale huku H5Fopen ikiwa imepatikana, kilichosahaulika ni -lhdf5_hl. Ukidaiwa _gfortran_st_write, umeunganisha mafaili ya Fortran kwa gcc. Unganisha kwa gfortran, au ongeza -lgfortran. Na jina la fankisheni ya C likionyeshwa pamoja na aina za hoja zake ndani ya mabano, maana yake mwitaji ni msimbo wa C++ uliodhani anaita fankisheni ya C++, na heda ilikosa extern "C".

Majina yenye std::__cxx11 ndani yake yana historia yao. GCC 5 ya mwaka 2015 ilibadilisha umbo la ndani la maandishi na orodha katika maktaba ya kawaida ya C++, ikayapa majina mapya ili umbo jipya na la zamani yasichanganywe kimakosa. Maktaba iliyojengwa kwa umbo la zamani haiwezi kulipa deni la jipya. Dawa ya kweli ni kuijenga upya; kama huna msimbo wake, jenga programu yako kwa -D_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0.

Kuna hali moja inayowakatisha tamaa hata wazoefu: njia ni sahihi, maktaba ipo, mpangilio ni sahihi, na linka bado inadai. Hapo tumia nm, amri inayoorodhesha majina yaliyomo kwenye maktaba:

nm -D libnetcdff.so | grep -i nf90_open

Kompaila ya gfortran huliita jina hilo __netcdf_MOD_nf90_open. Ya Intel ya kawaida huliita netcdf_mp_nf90_open_. Programu ikidai la kwanza na maktaba ikatoa la pili, hakuna -L wala -l itakayowapatanisha. Hii hutokea sana kwenye kompyuta kubwa za vyuo ambako moduli za kompaila tofauti zinapatikana pamoja, na mtu hupakia NetCDF ya kompaila moja akijenga kwa nyingine.

Ujumbe wa "cannot find -lnetcdf" ni kitu kingine tena. Huo hausemi kwamba jina fulani limekosekana. Unasema faili lenyewe la maktaba halikuonekana. Ama -L haijaelekezwa vizuri, ama unalo libnetcdf.so.19 pekee bila libnetcdf.so, na hilo la pili huja na kifurushi cha -dev. Ujumbe unaokuambia "recompile with -fPIC" ufuate kama ulivyo: unatengeneza .so kutokana na .a ambayo haikujengwa kwa ajili hiyo, na anayepaswa kujengwa upya ni ile .a. "Multiple definition" kwenye msimbo wa C wa zamani nayo imeongezeka tangu GCC 10, ambayo haikubali tena kigeugeu kimoja kutangazwa ndani ya heda bila extern. Bendera ya -fcommon hurudisha tabia ya awali hadi wenye mradi warekebishe.

Linka ikinyamaza, usidhani hesabu ni salama. Majina ya C na Fortran hayabebi aina za hoja. Kuna BLAS zinazotumia namba kamili za biti 32 na nyingine za biti 64, na zote mbili zinaweza kutoa dgemm_. Ukizichanganya, kila kitu kinaungana vizuri, kisha programu inaanguka inapoendeshwa, au inakupa majibu yasiyo sahihi. Kwa maktaba ya kisayansi hilo la mwisho ndilo baya kuliko kosa lolote linaloonekana. Endesha make check, yaani majaribio ya maktaba yenyewe, kila mara, hata kama inachukua muda.

Imejengwa, lakini haiendeshwi

error while loading shared libraries: libgsl.so.27: cannot open shared object file: No such file or directory

Hapa kompaila na linka wamemaliza kazi yao. Anayelalamika ni kipakiaji, ambacho hakijui -L uliyoipa linka jana. Amri ya ldd itakuonyesha kila maktaba inayodaiwa na mahali ilipopatikana, au "not found". Kama ulisakinisha /usr/local/lib kwa ruhusa ya msimamizi, sudo ldconfig kwa kawaida hutosha. Kama maktaba iko nyumbani kwako, njia ninayoipendelea ni kuandika anwani ndani ya programu wakati wa kuunganisha:

-Wl,-rpath,$HOME/netcdf/lib

LD_LIBRARY_PATH inafaa kwa majaribio ya muda mfupi. Ikikaa kwenye .bashrc huathiri kila programu unayoiendesha, na miezi baadaye itavunja kitu ambacho huwezi kukihusisha nayo.

Utakutana na ushauri wa kutengeneza kiungo kutoka libgsl.so.25 na kukipa jina libgsl.so.27. Usiufuate. Namba ile hubadilishwa pale maktaba mpya isipoweza kuchukua nafasi ya ya zamani. Kuighushi ni kuzima kinga iliyowekwa makusudi.

Conda, kisakinishi cha programu chenye mazingira yake yenyewe, inastahili tahadhari yake. Mazingira yake yakiwa yamewashwa, nc-config yake, HDF5 yake na wakati mwingine linka yake hutangulia zile za mfumo, na CMake huzikuta kwanza. Matokeo ni heda za upande mmoja na maktaba za upande mwingine. Kabla ya kuanza, andika which nc-config na which gfortran, na kama majibu yanatoka kwenye nyumba mbili, endesha conda deactivate kwanza.

HDF5 ni miongoni mwa maktaba chache zinazojikagua dhidi ya mchanganyiko huo. Ikigundua kwamba heda zilizotumika kujenga ni za toleo moja na .so iliyopakiwa ni ya jingine, hutoa onyo refu linalotaja matoleo yote mawili, kisha huisimamisha programu. Upo uwezekano wa kuinyamazisha kwa HDF5_DISABLE_VERSION_CHECK, na wapo wanaopendekeza hivyo kama suluhisho. Lakini maktaba hiyo ndiyo inayoandika data zako kwenye diski, na muundo wa vitu vyake vya ndani unaweza kutofautiana kati ya matoleo hayo mawili. Acha isimame. Tumia ldd kuona ni HDF5 ipi inayopakiwa, amua utabaki na ipi, kisha jenga upya NetCDF ya C juu yake na ya Fortran juu ya hiyo, kwa kompaila moja, ukiendesha make check baada ya kila ngazi kabla ya kupanda inayofuata.